Sifuri ya Lamar Tolliver

3 Februari

Theluji imefika magotini na sisi tumeanza msimu wa besiboli. Tunafanyia mazoezi ndani ya ukumbi, upande mmoja, na upande wa pili wasichana wa mpira wa wavu wanatuangalia kama ng'ombe walioingia kanisani. Hii ndiyo Nebraska. Mtu akitaka jua akazaliwe Florida.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa Chuo cha Ostrander. Mwezi wa sita narudi shambani kwa baba, kwenye mahindi na soya, na habari za michezo zitakuwa zimeisha. Mimi ni mdakaji. Nachuchumaa nyuma ya mpigaji nikiwa nimevaa kinyago cha chuma, na kila anachokirusha mrushaji wetu kinaishia kwenye glavu yangu. Magoti yangu yana umri wa babu yangu. Chuo hiki hakijawahi kutwaa ubingwa wa ligi, na mimi nautaka. Nimesema, basi.

14 Februari

Baridi. Hakuna la kuandika.

2 Machi

Tulisafiri kwa basi kwa muda wa saa tisa hadi Oklahoma, kwa kuwa huko angalau nyasi zinaonekana. Tumecheza mara tatu, tumeshinda mara tatu. Lamar Tolliver amerusha mchezo wa kwanza, na wapigaji wao walikuwa wanakata hewa tu.

Lamar anatoka Omaha, upande wa kaskazini, yuko mwaka wa tatu. Mkono wake wa kulia unatoa mipira inayopita maili tisini kwa saa, na kwa vyuo vidogo kama chetu hiyo ni bahati isiyokuja mara mbili. Tunakaa chumba kimoja. Anakoroma, anakula vitafunio vyangu, na ananiita "mzee wa mahindi". Nampenda sana, ingawa sitamwambia.

Kwa sababu tumeshinda, Kocha Haverkamp ameamuru kila mtu arudi nyumbani akiwa amekaa kiti kilekile alichokalia wakati wa kuja, bahati isivunjike. Mimi nilikuja karibu na choo.

19 Machi

Theluji tena. Tumeifagia kwa makoleo kutwa nzima tukatoa uwanja wetu chini yake, kisha usiku ikaanguka nyingine. Kocha anasema inajenga tabia. Tabia ninayojengewa ni ya matusi.

27 Machi

Lazima nieleze kisa cha leo, maana bado nacheka.

Kuna wakati mrushaji anacheza raundi baada ya raundi bila mpinzani hata mmoja kugonga mpira na kukimbia salama hadi kituo. Hapo tunasema ana sifuri. Kwa kweli hatusemi, na hapo ndipo penye kisa. Mrushaji akiwa na sifuri hakuna anayelitamka neno hilo. Hakuna anayemsemesha wala kumkaribia. Akija kupumzika kwenye benchi anakaa peke yake mwishoni, na sisi tunajibana upande mwingine tukijitia hamnazo. Raundi ni tisa, na walioibeba sifuri hadi mwisho ni wachache mno. Mtu akifungua mdomo, imeharibika. Kila mtu anayecheza mchezo huu anajua.

Kila mtu isipokuwa Toby Lindquist. Toby ni mrushaji wetu wa akiba, wa mkono wa kushoto, mtoto wa wafugaji wa huko kwenye vilima vya mchanga. Anarusha polepole kiasi kwamba ndege anaweza kutua juu ya mpira. Leo, raundi ya sita, Lamar ana sifuri, benchi zima limekufa ganzi, na Toby anasema kwa sauti, "Jamani, hivi mmeona? Lamar ana sifuri!"

Mpigaji aliyefuata akagonga mpira hadi ukutani.

Kocha alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Lindquist," akasema, "wewe ulilelewa na nani?"

"Na mama, Kocha."

"Mpe pole zangu."

Tulishinda, lakini Toby ndiye atakayeosha benchi na ndoo za maji hadi msimu uishe. Anasema haoni mpira ulimsikiaje.

8 Aprili

Ushindi wa saba mfululizo. Hakuna anayefua soksi, bahati isije ikatoka na sabuni. Chumba chetu hakiingiliki.

15 Aprili

Leo walikuja wasaka vipaji watatu wa timu za kulipwa, wazee wenye kofia za majani na vile vidude vya kupima mwendo wa mpira. Kila Lamar akirusha, vidude vitatu vinainuka kwa pamoja. Timu za kulipwa zinachagua wachezaji mwezi wa saba, na wanasema huenda wakamchukua.

Mama yake alikuja kutoka Omaha na kuku wa kukaanga wa kutosha jeshi. Ni muuguzi wa zamu za usiku, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Tulipomaliza kula akanishika kiwiko.

"Anton, wewe ndiye unayedaka mipira ya mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe unamjua kuliko hao wenye vidude. Kaka yake mkubwa alirusha hadi mkono ukakatika mshipa, na alikuwa ananiambia haumii. Huyu naye ni yuleyule. Nikikuuliza jambo utaniambia ukweli?"

Nikasema nitamwambia. Ungesema nini mbele ya macho yale?

16 Aprili

Nimekula kuku wa jana kwa kifungua kinywa. Siku njema kuliko zote.

23 Aprili

Kuna kitu. Mtu anayedaka mpira wa mrushaji mmoja kwa miaka mitatu anaujua kama sauti ya mlango wa kwao. Leo kuanzia raundi ya saba mpira wa Lamar ulikuwa unafika, mwendo upo, lakini ulikuwa unakufa karibu yangu na kunikimbilia upande wa kulia. Aliporudi benchi nilimwona anatikisa vidole kama mtu aliyeshika barafu.

Chumbani nikamuuliza.

"Baridi tu," akasema.

"Nyuzi ishirini, Lamar. Watu wamevaa kaptura."

"Basi ni uzee. Nimeambukizwa na wewe."

"Kiwiko kinauma?"

Akazima taa. Baadaye, nilipodhani amelala, akasema, "Zimebaki wiki tatu, Anton. Unalitaka kombe au hulitaki?"

Nalitaka. Hilo ndilo lililoniziba mdomo, na aliniziba nalo akijua.

30 Aprili

Mvua. Tumetandaza turubai, tumelitandua, tumelitandaza.

4 Mei

Tumeingia nusu fainali! Ving'ora vya kimbunga vililia wakati wa chakula cha jioni, tukashuka sote kwenye chumba cha kufulia nguo chini ya bweni, timu nzima, na kwa mara ya kwanza msimu huu soksi zetu zilikuwa karibu na mashine. Hakuna aliyethubutu. Kimbunga kilipita mbali. Lamar muda wote alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia, akisema anaupa joto.

Kocha nimeanza kumchoka. Anagusa nguzo ya kibanda cha benchi mara mbili, hakanyagi mstari wa chokaa, anavaa koti la mwaka aliozaliwa baba yangu. Lakini kumtazama mrushaji wake usoni na kumuuliza hali, hapana.

9 Mei

Siwezi kulala, basi naandika yote.

Nusu fainali ilikuwa leo mchana, uwanja wa wenyewe, Chuo cha Garrity. Upepo wa kusini, mawingu mazito. Watu walijaa hadi wakakaa juu ya magari. Mama Tolliver alikuwa safu ya pili. Msaka vipaji mmoja alikuwa nyuma yangu kabisa, nilikuwa nasikia anavyotafuna.

Lamar alianza kama mtu aliyetumwa. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna hata mmoja wao aliyegusa kituo. Tulipata alama mbili mapema. Raundi ya tano ilipoisha nikageuka kuangalia ubao, nikaona sifuri kwenye safu yao. Benchi lilikuwa limeshahama. Lamar alikaa peke yake mwishoni na taulo begani, na kati yake na sisi kulikuwa na nafasi ya kulaza mtu.

Raundi ya sita nikaiona ile hali. Mpira unakufa. Ya saba ikawa mbaya zaidi. Niliomba kwa ishara ya vidole mpira wa kupinda, akatikisa kichwa kukataa, nikajua kwa nini: mpira wa kupinda ndio unaosokota kiwiko. Alikuwa anawamaliza kwa akili na ujeuri mtupu. Mmoja wao aligonga mpira mkali, mtu wetu wa upande wa kushoto akaurukia na kuudaka kabla haujagusa chini. Uwanja ukalipuka. Sifuri bado.

Tukarudi benchi. Nilimwona akijaribu kufungua chupa ya maji kwa mkono wa kulia. Akashindwa. Akaishika kwa magoti, akaifungua kwa mkono wa kushoto, akanywa. Niliangalia wenzangu. Niliona wawili au watatu wamemwona pia. Kila mmoja akageuza macho haraka. Kocha alikuwa ameikodolea ile nguzo.

Hapo nilikaa nikiwa nimevaa ngao zangu, umbali wa hatua chache kutoka kwa rafiki yangu, na sikumwendea. Kwa nini? Kwa sababu ana sifuri. Mtu mzima, mwaka wa nne chuoni, nimesoma kemia, na naogopa neno.

Raundi ya nane. Mpira wa kwanza ulifika kwangu na nikasikia sauti kutoka kwake, mguno mdogo kama wa mtu aliyekanyaga msumari na hataki watu wajue. Wa pili ulitua chini mbele yangu. Nilipoinua kichwa nilimwona amegeukia nyuma, uso kaelekeza nje ya uwanja, na mkono unaning'inia.

Nikamwomba mwamuzi muda. Nikatembea hadi kwenye kituta cha mrushaji. Uwanja mzima ukanyamaza, maana wote walijua nisichopaswa kufanya. Lamar alinitazama kama nimevua nguo.

"Unafanya nini? Rudi."

"Kiwiko."

"Anton, nakuomba. Rudi."

"Una sifuri," nikamwambia. Nililitamka, wazi, mbele yake. "Una sifuri nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na mkono wako unakatika. Sitaki kuwa niliyeudaka mpira wa mwisho wa maisha yako."

Akanisukuma kifuani kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto! "Wanaume sita tu wamebaki," akasema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Sita tu. Umenionea wivu."

Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma.

Kocha alikuja. Aliukanyaga mstari wa chokaa bila kuutazama. Akamuuliza Lamar, "Unaumia?" Lamar akasema hapana. Kocha akanigeukia. "Sedlak?"

Nikasema, "Ndiyo, Kocha. Tangu mwezi uliopita."

Akanyoosha mkono, na Lamar akakaa na mpira muda mrefu kabla ya kumpa. Alipokuwa anatoka watu wa Garrity walisimama wakampigia makofi, na watu wetu wakanizomea mimi. Mama Tolliver peke yake hakuzomea. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Toby akaingia. Mpigaji wa kwanza aliyekutana na mpira wake wa polepole aliupeleka hadi kona ya mbali, na sifuri ikaisha hapo. Tulishinda mbili kwa moja huku roho zikiwa juu. Hakuna aliyenipa mkono. Kwenye basi nafasi ilikuwa imeachwa kunizunguka pande zote, kama nina sifuri.

10 Mei

Lamar hakulala chumbani. Mama yake alimpeleka hospitali moja kwa moja.

Asubuhi Kocha aliniita. Nilijiandaa kwa kusemwa. Alikuwa amekaa mezani na kipande cha mkate mtamu wa plamu, ule anaouoka mkewe, hajakigusa. Akakisogeza upande wangu.

"Niliona tangu raundi ya sita," akasema. "Ile chupa pia niliiona."

Nikakishika kile kipande cha mkate, bila kukila.

"Miaka thelathini nafundisha vijana. Nikajiambia, akimaliza nitamuuliza. Nilingoja mpaka ukaenda wewe." Akafuta uso kwa kiganja. "Kula, Sedlak. Unaonekana vibaya."

Nilikula. Nimekuwa nikimwona ni mzee mkaidi wa mambo ya bahati. Leo nimemwona ni mtu aliyeogopa, kama mimi, ila yeye alikuwa na miaka mingi zaidi ya kuogopa nayo.

Jioni Mama Tolliver alinipigia simu. Mshipa wa kiwiko umevutika, umechanika kidogo pembeni, lakini haujakatika. Hakuna upasuaji. Apumzike hadi majani ya miti yaanguke, mwezi wa kumi hivi, kisha aanze kurusha taratibu. Daktari amesema mipira mingine kumi, pengine mitano, na wangekuwa wanazungumza habari nyingine. "Nilikuuliza utaniambia ukweli," akasema, "ukanificha wiki mbili. Hilo tutalizungumza, mimi na wewe. Leo nakushukuru." Kisha akalia, nami nikalia, nikiwa nimesimama kwenye korido mbele ya watu.

Lamar mwenyewe hakutaka simu.

11 Mei

Fainali imeahirishwa. Mvua. Bado wenzangu wananijibu kwa "ndiyo" na "hapana".

12 Mei

Sisi ni mabingwa!

Niandike kwa mpangilio. Tulicheza na Tilden, waliokuwa hawajafungwa na mtu tangu Machi. Mrushaji wetu, kwa kukosa mwingine, Toby Lindquist. Watu wa Tilden walipomwona anapasha moto walicheka waziwazi. Mmoja akapiga kelele, "Mwambieni tumeleta viti, tutamsubiri!"

Lamar alifika kabla tu ya kuanza, mkono wa kulia kwenye kombeo jeupe. Wenzangu walimkumbatia kwa zamu. Kwangu alipita.

Toby akaanza kurusha yale madude yake ya polepole, na wale majitu waliozoea mipira ya kasi wakawa wanazungusha gongo mapema mno, wanajizungusha wenyewe kama pia. Mimi nilikuwa naomba ya polepole, kisha ya polepole zaidi. Raundi ya kwanza hadi ya nne, hakuna aliyefika kituo.

Tuliporudi benchi nikaona watu wameanza kuhama. Taratibu, mmoja mmoja, wanasogea upande wa maji. Toby alibaki mwishoni peke yake, mikono mapajani, uso mweupe kama chokaa. Na sote tunatazama pembeni, nami nikiwemo! Baada ya yote yale!

Lamar akainuka. Akapita mbele yetu wote, akakaa karibu na Toby hadi mabega yakagusana.

"Vipi, Toby? Umekula?"

Toby akamtazama kwa hofu. "Usinisemeshe, kaka. Si unajua..."

"Najua. Una sifuri."

Benchi zima likaguna kwa pamoja. Kuna aliyefunika uso kwa glavu.

"Sifuri, sifuri, sifuri," Lamar akasema, akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. "Mkono unauma?"

"Hapana."

"Ukweli?"

"Tumbo ndilo linalouma."

"Hilo ni woga tu. Nilikaa hapo juzi nikiwa siwezi kufungua chupa," Lamar akasema, safari hii kwa sauti ya kila mtu kusikia, "na nilikuwa naomba Mungu mtu mmoja aniulize. Kila mtu aliniona. Mmoja tu ndiye aliyekuja, nami nikamtukana."

Hakunitazama alipokuwa anasema. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha Kocha Haverkamp akatoka kwenye nguzo yake, akaenda akakaa upande wa pili wa Toby, akamuuliza habari za ng'ombe wa baba yake. Toby akaanza kueleza habari za ndama, na rangi ikamrudi usoni.

Ndiyo, mpigaji wa kwanza wa raundi ya tano aliugonga ukaenda. Sifuri ya Toby iliishia hapo. Akageuka akatazama benchi, akatikisa kidole kwa Lamar, akacheka kwa sauti. Kisha akaendelea kurusha kama mtu aliyetua mzigo. Walipata alama tatu, tukapata nne. Mpira wa mwisho ulipanda juu kabisa nyuma ya mpigaji, nikavua kinyago nikaukimbilia huku upepo unausukuma, na ulinidondokea kwenye glavu nikiwa nimepiga magoti kwenye changarawe. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka Toby ananirukia, kisha wengine wote, timu nzima juu yetu, na yule wa kwanza kunibusu kichwa alikuwa mmoja wa walioninunia siku tatu.

Nilipojitoa chini ya rundo nilimwona Lamar. Alikuwa amesimama nje kidogo, kombeo kifuani. Hakuweza kulirukia rundo na mkono ule. Alikuwa anatabasamu, ila ni tabasamu la mtu aliye nje ya dirisha. Nikamwendea. Tulisimama tukiwatazama wenzetu wanavyogaragara.

"Nenda kwenye rundo lako, mzee wa mahindi," akasema.

"Wamenikanyaga vya kutosha."

Msaka vipaji yule wa juzi hakuwepo. Mwezi wa saba hawatamchagua, hilo sote tunalijua. Ana mwaka mmoja zaidi hapa, na mkono ambao bado ni mzima, na hakuna anayeweza kuahidi zaidi ya hapo.

"Nikuulize," akasema. "Juzi, ungeniacha. Zile raundi mbili. Ningemaliza?"

Ningeweza kumpa jibu rahisi. Ningesema hapana, na angelala vizuri, nami pia. Lakini nilikuwa nimeudaka kila mpira wake siku ile, na nilijua. Wale vijana wa Garrity walikuwa wameshakata tamaa. Hata kwa mkono uliokuwa unakatika, kwa ujeuri ule, angewamaliza wote sita.

"Ungemaliza," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa. Macho yalimjaa maji lakini hayakumwagika.

"Basi tunajua wawili," akasema, akanipa mkono wa kushoto.